Si kila baka ni choa

Asubuhi moja ya msimu wa kusi, mama mmoja alivuka feri kutoka Likoni akamleta mwanawe wa miaka 11 katika zahanati yangu hapa Mbaraki. Mtoto alikuwa na baka moja katika mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Rangi yake ilikuwa ya shaba, imefifia kuliko ngozi iliyolizunguka, na kingo zake zilionekana wazi. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu. Nilitazama mara moja, nikamwambia mama kwamba ni choa, nikaandika krimu ya kuua kuvu apakwe mara mbili kwa siku kwa muda wa majuma manne.

Mama alipokuwa akiinuka alisema, "Na huyu hasikii, daktari. Juzi ameegemea birika la chai likamuunguza, wala hakulia." Nilicheka. Nikamwambia mtoto amsikilize mamake, nikamwita mgonjwa mwingine.

Walirudi baada ya miezi mitatu. Baka lilikuwa limekua maradufu, na mgongoni palikuwa na la pili ambalo mama alilivumbua alipokuwa akimwogesha. Katika muda huo walikuwa wamenunua krimu nyingine katika duka la dawa, na nyanya wa jirani alikuwa amewapa majani ya kusugulia. Hakuna kilichofaa. Katikati ya baka la mkononi niliona kovu la moto lililokwisha kupona. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mama.

Tukisema mtoto hasikii, aghalabu huwa tunamaanisha kwamba ni mtundu, haambiliki. Lakini pia husema mtu hasikii baridi, hasikii moto, hasikii maumivu. Mama alikuwa ameniambia dalili kubwa kuliko zote, nami nikaidhania kuwa ni mashtaka ya utundu. Mtoto huyo hakuwa na choa. Alikuwa na ukoma.

Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulike. Kisa chenyewe nakieleza kwa sababu mabaka ya ngozi ni miongoni mwa mambo yanayowaleta watoto wengi kwa daktari katika mji huu wa joto, na kwa sababu kosa nililolifanya mimi hufanywa kila siku na wazazi, wauzaji wa dawa na hata madaktari wenzangu.

MABAKA YA KAWAIDA

Kwanza nimtoe mzazi wasiwasi. Mabaka mengi sana ya watoto hayana hatari, na hutibika kwa gharama ndogo. Yafaa tuyafahamu, kwani ni kwa kuyajua ya kawaida ndipo mtu hutambua lisilo la kawaida.

Choa, ambacho wengi hukiita mashilingi, husababishwa na kuvu. Baka lake huwa la duara, kingo zimeinuka kidogo na zina magamba au vipele vidogo, na katikati huonekana kama pamepona. Choa huwasha. Kikimwingia mtoto kichwani, nywele hukatika na kuacha vipara vyenye magamba. Hapo krimu peke yake haitoshi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, mathalan griseofulvini au terbinafini, kwa majuma kadhaa. Daktari akiwa na shaka huweza kukwaruza magamba kidogo na kuyapima kwa darubini.

Mba ni kuvu wa aina nyingine, anayeishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu bila kumdhuru. Hustawi penye joto na jasho, na ndiyo sababu hapa Mombasa haukosekani. Huwapata zaidi vijana waliobaleghe, kifuani, mgongoni na shingoni. Mabaka yake huwa madogo na mengi, na ukiyakwaruza kwa ukucha hutoa unga mwembamba.

Kuna pia mabaka meupe ya mashavuni ambayo huwapata watoto wa shule, hasa wenye ngozi kavu. Wazazi wengi huyahusisha na minyoo, wakawapa watoto dawa ya minyoo kila mwezi. Mabaka hayo hayatokani na minyoo. Ni aina nyepesi ya ukurutu, na hufifia yenyewe katika miezi kadhaa iwapo ngozi itapakwa mafuta ya kuilainisha.

Mbalanga nao huondoa rangi kabisa, ngozi ikawa nyeupe kama maziwa. Hauambukizi, wala hautokani na kula samaki na maziwa pamoja kama wanavyoamini baadhi ya watu. Ni kinga ya mwili yenyewe inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi.

Upele hauna mabaka bali vipele, hasa katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri. Huwasha zaidi usiku, na mara nyingi wengine nyumbani nao huwa wanajikuna. Ukimtibu mtoto mmoja ukawaacha wengine, baada ya majuma machache utaanza upya.

Watoto wanaocheza ufukweni bila viatu huweza kupata mstari mwembamba unaopindapinda katika unyayo, unaosogea kidogo kila siku na kuwasha mno. Huo ni mkondo wa kiluwiluwi wa minyoo ya mbwa au paka, aliyeingia kutoka mchangani. Dawa ya kumeza humuua upesi.

Na nyakati za mvua yuko yule mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi, ambaye wengi humwita mdudu wa Nairobi. Katika mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 aliwasumbua watu wengi nchini. Mdudu huyo haumi. Ni sumu iliyomo mwilini mwake ambayo huunguza ngozi mtu anapomponda, na siku ya pili malengelenge hutokea. Mpulize au mwondoe kwa karatasi, kisha osha mahali hapo kwa maji na sabuni.

Msomaji ataona kwamba karibu yote niliyoyataja yana alama ya kuyatambulisha. Ama yanawasha, ama yanatoa magamba, ama yanasogea, ama rangi imetoweka kabisa. Na katika yote, ukimgusa mtoto penye ugonjwa atasikia sawasawa kama anavyosikia kwingineko. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

KWA NINI TUNAKOSEA

Iko sababu ya madaktari kukosea katika ngozi. Vitabu vingi tulivyosomea vilijaa picha za ngozi nyeupe. Tulifunzwa kutafuta wekundu, ilhali katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi tu. Na baka la ukoma, ambalo kwa mtu mweupe huenda likawa jekundu, kwetu aghalabu huwa la rangi ya shaba au limefifia tu.

Pengo hilo linaendelea kuzibwa. Mwaka 1992 kilianzishwa Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, chuo cha kanda cha kuwafunza matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi. Mwaka 2020, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kijitabu cha kuonyesha dalili za magonjwa katika ngozi nyeusi. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) lilitoa mwongozo unaohimiza magonjwa ya ngozi yaliyopuuzwa katika nchi za joto yatafutwe kwa pamoja, badala ya kila ugonjwa kuwa na watu wake.

Sababu ya pili ni krimu za mchanganyiko. Katika maduka mengi utauziwa bila cheti krimu yenye dawa ya kuvu, dawa ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Steroidi hutuliza mwasho kwa siku chache, mzazi akafurahi. Lakini kama ni choa, kuvu huzidi kuenea chini kwa chini na umbo la choa hubadilika, hata daktari akiliona asilitambue. Isitoshe, ngozi ya mtoto huwa nyembamba na kupata michirizi. Anapokuja kwangu mtoto aliyekwisha kupakwa krimu tatu, huwa natazama ugonjwa uliovikwa nguo ya kuazima.

Sababu ya tatu ni haraka. Ugonjwa wa ngozi huonekana kwa macho, kwa hivyo daktari hudhani kuona kunatosha.

JARIBIO LA PAMBA

Mama na mtoto waliporudi, nilichukua kipande cha pamba nikakisokota ncha. Kwanza nilimwonyesha mtoto macho yakiwa wazi. Nikamgusa kwa ncha ya pamba katika mkono mzima, nikamwambia, "Kila nikikugusa, weka kidole mahali hapo." Alipofahamu, nikamwambia afumbe macho.

Nilimgusa begani, akaonyesha. Nikamgusa kiganjani, akaonyesha. Nikamgusa karibu na baka, akaonyesha. Nikamgusa katikati ya baka, akabaki ametulia akingoja. Nikamgusa tena mara mbili, bado anangoja. Mama aliyekuwa ameketi kando aliona mwenyewe, akashika mdomo.

Jaribio hilo halihitaji mashine wala umeme. Kwa mtoto mdogo hufanywa kama mchezo. Hata hivyo lina mipaka yake. Usoni mishipa ya fahamu ni mingi, na baka la ukoma lililo shavuni huweza kuwa bado linasikia. Vilevile kuna aina ya ukoma yenye mabaka mengi ambayo hupoteza hisia kwa kuchelewa. Kwa hivyo mtoto aliyesikia pamba hajapita mtihani wote, lakini asiyesikia amekwisha kujibu swali.

Daktari huitambua maradhi hii kwa mambo matatu, na hata moja likithibitika hutosha. La kwanza ni baka lililopoteza hisia. La pili ni mshipa wa fahamu uliovimba, pamoja na ganzi au udhaifu wa misuli inayohudumiwa na mshipa huo. Hupapaswa nyuma ya kiwiko, kando ya goti na shingoni. La tatu ni vijidudu vyenyewe kuonekana kwa darubini katika majimaji yaliyochukuliwa kwenye ngozi.

Nilimpapasa mtoto, mishipa yake haikuwa imevimba. Nikamwambia akaze vidole nami nijaribu kuvifungua. Vilikuwa na nguvu. Tulikuwa tumechelewa, lakini hatukuwa tumechelewa sana.

UKOMA NI NINI?

Wazee wetu waliuita jedhamu, au matana. Husababishwa na bakteria aliyegunduliwa mwaka 1873 na daktari Gerhard Armauer Hansen wa Norway. Bakteria huyo hupenda sehemu za mwili zilizo baridi, yaani ngozi na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Hukua polepole mno. Tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana hupita kwa wastani miaka 5, na huweza kufika 20 au zaidi.

Ukoma haurithiwi, si laana, wala hauambukizwi kwa kupeana mkono, kuketi pamoja au kula sahani moja mara moja. Hupita katika matone ya pua na mdomo, kwa kukaa karibu na mgonjwa asiyetibiwa kwa miezi mingi. Tena walio wengi kati yetu wana kinga ya kuzaliwa nayo, hata vijidudu vikiwafikia hawaugui.

Jambo jingine linalofaa kusahihishwa ni hili. Ukoma haukati vidole. Unaua mishipa ya fahamu. Mkono usiosikia hushika sufuria ya moto, mguu usiosikia hukanyaga msumari, na kidonda kisichouma hupuuzwa kikaoza. Ulemavu tunaouona kwa wagonjwa wa zamani ulitokana na miaka ya majeraha yasiyouma. Birika la chai la mtoto wa Likoni lilikuwa jeraha la kwanza katika safari hiyo.

Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa, na wagonjwa walitengwa. Hapa Pwani wengi wanaikumbuka Tumbe, kule Msambweni, na magharibi ya nchi palikuwa Alupe, wilayani Busia. Dapsoni ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940 ilileta matumaini, lakini baadaye vijidudu vikaizoea. Mwaka 1981 WHO ikapendekeza dawa zaidi ya moja zitolewe kwa pamoja, na kuanzia hapo idadi ya wagonjwa ikashuka kwa kasi. Kenya ilifikia chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mnamo mwaka 1989. Ulimwengu kwa jumla ulifikia kiwango hicho mwaka 2000.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulikuja na hasara yake. Watu walielewa kwamba ukoma umekwisha, na madaktari wengi wamehitimu bila kumwona hata mgonjwa mmoja. Ukweli ni kwamba mwaka 2023 ulimwenguni waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na kati yao zaidi ya 10,000 walikuwa watoto. Wengi wako India, Brazil na Indonesia. Karibu nasi, visiwa vya Komoro, vyenye udugu wa tangu zamani na Mombasa, vina kiwango kikubwa. Na hapa Kenya wagonjwa bado hugunduliwa, wakiwemo wa kaunti za Kwale na Kilifi, ambazo watu wake huingia na kutoka kisiwani humu kila siku.

Mgonjwa aliye mtoto ana maana ya pekee. Mtu mzima huweza kuwa aliambukizwa miaka 20 iliyopita katika mji mwingine. Mtoto wa miaka 11 hana miaka hiyo. Aliyemwambukiza yuko karibu, na yamkini bado hajatibiwa.

MZEE ALIYEJIFICHA

Nilimwuliza mama, "Nyumbani mnaishi na nani?" Akanitajia mumewe, watoto watatu, na babake mzazi ambaye mtoto huyu hulala naye chumba kimoja. Nikamwomba amlete.

Mzee alikuja siku ya tatu, amevaa kanzu safi, mikono ameificha ndani ya mikono ya kanzu. Nyusi zake zilikuwa zimepukutika upande wa nje, ndani ya masikio ngozi ilikuwa nene yenye vinundu, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja. Nyumbani walidhani ni uzee na kazi ya nyavu. Nilipomgusa kwa pamba miguuni hakusikia kitu hadi karibu na magoti.

Nilimweleza taratibu. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nilihisi, mwanangu. Niliogopa nitatengwa na wajukuu." Hakujua kwamba kwa kujificha alikuwa akiwadhuru wale wale aliochelea kutengwa nao. Wala mimi sikumlaumu, kwa kuwa hofu yake ilipandwa na jamii nzima kwa karne nyingi.

DAWA IPO, TENA NI YA BURE

Wote wawili niliwapeleka katika kliniki ya serikali ya kifua kikuu na ukoma. Magonjwa haya mawili yana mpango mmoja wa taifa, kwani vijidudu vyao ni vya jamii moja. Tiba ni dawa tatu: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka yasiyozidi matano, mishipa yake ikiwa salama na vijidudu visionekane katika kipimo, hutibiwa kwa miezi 6. Mwenye zaidi ya hayo hutibiwa kwa miezi 12. Tangu mwaka 1995 dawa hizi hutolewa bila malipo ulimwenguni kote kupitia WHO.

Mgonjwa akianza dawa huacha kuambukiza upesi. Mtoto hana haja ya kutolewa shuleni, na hapana haja ya kutenga vyombo wala kitanda.

Zipo athari ambazo mzazi afaa kuzijua ili asishtuke akaacha dawa. Rifampisini hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Klofazimini huongeza weusi wa ngozi, nao hurudi polepole baada ya tiba kwisha. Dapsoni huweza kupunguza damu, hasa kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, hali ambayo ni ya kawaida kwetu watu wa Pwani kwa sababu ya historia ndefu ya malaria. Mtoto akionekana mweupe wa macho, mchovu au ana manjano, arudishwe kliniki mara moja.

Athari ya hatari zaidi ni ile inayotokea mwili unapopambana na vijidudu. Mabaka huvimba ghafla, mshipa wa fahamu ukauma, mkono au mguu ukalegea, au jicho likashindwa kufumba. Huweza kutokea kabla ya tiba, katikati, au hata baada ya kumaliza. Hali hii ni ya dharura. Mgonjwa akipewa dawa ya kutuliza uvimbe mapema, mshipa huokoka. Akingoja mwezi, huenda mkono usirudi.

Waliobaki nyumbani huchunguzwa wote. WHO tangu mwaka 2018 imependekeza wasiougua, kuanzia umri wa miaka 2, wapewe dozi moja ya rifampisini kama kinga baada ya kuhakikisha hawana ukoma wala kifua kikuu. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu hudungwa wanapozaliwa, nayo hutoa kinga kiasi.

MZAZI AFANYE NINI?

Mtazame mtoto mwili mzima walau mara moja kwa mwezi, wakati wa kuoga na penye mwangaza wa mchana. Tazama mgongo, matako na nyuma ya mikono, mahali ambapo yeye mwenyewe hapaoni.

Ukiona baka limefifia au lina rangi ya shaba, haliwashi, halitoki jasho, au vinyweleo vyake vimepukutika, usinunue krimu. Mpeleke kwa daktari kabla hujapaka chochote. Kama umekwisha kupaka, nenda na tyubu yenyewe ili daktari aone ulichotumia.

Waweza kumjaribu nyumbani kwa ncha ya pamba kama nilivyoeleza. Kamwe usimjaribu kwa sindano, kijiti cha moto au maji ya moto. Ngozi isiyosikia ndiyo inayoumia zaidi.

Mweleze daktari mambo ambayo waona hayahusiani na ngozi: mtoto anaangusha kikombe, kiatu kinamvuka bila kujua, ana kidonda unyayoni kisichomuuma, au kuna mtu nyumbani mwenye ganzi ya siku nyingi.

Ukipewa dawa ya baka na baka lisipungue katika majuma manne hadi sita, rudi. Usibadilishe duka. Mwulize daktari bila kuona haya: "Je, umempima kama anasikia?" Daktari mwema hatakasirika.

Walimu nao wana nafasi yao. Kila Jumapili ya mwisho ya Januari ni Siku ya Ukoma Ulimwenguni. Juma linalofuata lingekuwa wakati mzuri wa shule kuwaalika wahudumu wa afya wawatazame watoto, bila ya kumtangaza mtoto yeyote mbele ya wenzake.

Mtoto wa Likoni alimaliza dawa zake kwa miezi 6. Mabaka bado yanaonekana kidogo, na lile la mkononi halijarudisha hisia zote. Amejifunza kutumia mkono wa kulia anapokuwa karibu na jiko. Vidole vyake vyote vina nguvu, na anaandika vizuri. Babu yake alimaliza miezi 12. Vijidudu vimekufa, lakini vidole viwili havikunyooka, wala havitanyooka. Mmoja aligunduliwa baada ya miezi, mwingine baada ya miaka.

Nami nimebadilisha desturi moja. Pamba nimeiweka juu ya meza, karibu na kalamu. Na mama akiniambia kwamba mtoto huyu hasikii, sicheki tena. Humwuliza, "Hasikii nini, mama?"